Risasi Iliyopinduliwa

Gaylen Pruitt alikuwa na kazi mbili katika Kaunti ya Bitter Fork. Ya uchunguzi wa vifo alipewa na wapiga kura, na ya kuzika alirithi kwa baba yake. Kwa hiyo maiti ya Royce Halvick haikuwa na safari ndefu. Ilichunguzwa katika chumba cha nyuma, ikaoshwa humo humo, na sasa ilikuwa imelala ikisubiri suti kutoka kwa mama yake. Kilichobaki ni sahihi ya Gaylen kwenye cheti, na aliahidi kuiweka kabla ya mazishi ya Ijumaa.

"Amejiua, Lorna," alisema huku akifuta miwani kwa upindo wa shati. "Najua hupendi kusikia. Hata mimi sipendi, nimesoma naye."

Lorna Tveit alikuwa mpelelezi pekee wa ofisi ya sherifu. Yeye pia alisoma na Royce. Katika kaunti ile kila mtu amesoma na kila mtu, na ndiyo maana upelelezi wa huko ni balaa tupu: ukimkamata mtu umemkamata aliyekaa dawati la nyuma yako. Tangu ateremke kutoka mlimani Jumapili alikuwa hasikii kitu ndani yake, si huzuni wala hasira, ganzi tu, kama mguu uliokaliwa vibaya. Alivaa glovu, akavuta mfuko wa karatasi, akatoa bastola.

Ilikuwa bastola ndogo ya silinda yenye matundu sita, ya zile risasi nyembamba zinazouzwa hata dukani kwa misumari. Milimani huko hakuna anayeiita silaha. Inaning'inizwa mlangoni pamoja na kofia na hatamu, inaingia kwenye mfuko wa tandiko pamoja na birika. Inapiga kwale wa kutia kikaangoni jioni, inampumzisha nyumbu aliyevunjika mguu njiani, na siku nyingi zaidi inatoboa makopo tu kwa kuwa watu hawana la kufanya. Dubu ukimpiga nayo utakuwa umemtukana.

Hii ya akina Halvick ilikuwa imechakaa, na vishikio vyake vya mbao vilikuwa vimelainishwa na mikono ya mzee Torvald, baba yao, aliyeibeba miaka mingi kabla hajafa kitandani kwake. Royce na mdogo wake Wendell walikuwa wamepanda nayo hadi bonde la Elbow, wao na nyumbu wao wa mizigo, kukata magogo yaliyoangukia njia kabla msimu wa uwindaji haujafunguliwa. Maelezo ya Wendell yalikuwa mafupi. Asubuhi alishuka chini ya bonde kuwafuata nyumbu. Akasikia mlio mmoja, akadhani kaka yake kapata kwale. Aliporudi alimkuta Royce amekaa kwenye chemchemi, mgongo kwenye gogo, tundu karibu na sikio la kulia, bastola mkononi. Akapanda farasi, akashuka hadi kwenye simu.

Lorna alikuwa ameshapoteza siku nzima kumwinda mwindaji mmoja wa mjini aliyerushiana maneno na Royce kuhusu mahali pa kupiga kambi. Jamaa alikuwa na midomo mirefu, na aliwaambia watu baa kwamba akina Halvick watamtambua. Mwisho ikaonekana asubuhi ile alikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno, na daktari aliyakumbuka mayowe yake vizuri sana. Hapo ndipo kila mtu alipoanza kusema Royce kajiua. Mke alikuwa amemkimbia, chupa ilikuwa imemzoea, na babu yake mzaa mama aliondoka hivyo hivyo, ghalani. Hadithi ilikuwa imejipanga yenyewe.

Lorna alifungua silinda polepole, akaielekezea taani. Ganda moja lililopigwa, na risasi tano.

"Ile yenye alama umeiona?" Gaylen aliuliza.

Alikuwa ameiona. Katika zile tano, nne zilikuwa safi. Ya tano, iliyokaa tundu la kabla ya lile ganda, ilikuwa na kidonda kidogo kwenye ukingo wa kitako. Nyundo ilikuwa imeigonga, nayo ikagoma kulia.

"Bubu," Lorna alisema.

"Ndiyo. Kavuta, ikasema tik. Kavuta tena, ikaja nyingine." Gaylen alivaa miwani. "Mtu aliyeteleza havuti mara mbili. Aliyekosea havuti mara mbili. Hilo ndilo linalonimaliza mimi. Mungu alimpa nafasi ya kufikiri, naye akavuta tena."

Ilikuwa hoja nzuri, na mtu mwingine angeishia hapo akaenda kunywa chai. Lorna aliendelea kutazama. Risasi za bastola hizi ndogo hazina kiini katikati ya kitako kama risasi kubwa. Unga wa kuwashia umezungushwa ndani ya ukingo, na nyundo hugonga ukingoni. Mara nyingine unga haukufika upande mmoja, nyundo ikigonga upande huo unapata tik tu. Basi watu wa njia za milimani hufungua silinda, huinua risasi bubu kidogo, huipindua nusu mzunguko kwa ukucha wa gumba, hufunga. Nyundo ikigonga upande wa pili, mara nyingi inaongea. Lorna alifundishwa hivyo na baba yake kabla hajafundishwa kuendesha gari.

Nyundo ya bastola hii iligonga upande wa nje wa silinda. Ganda lililopigwa lilikuwa na kidonda chake nje, panapostahili. Risasi bubu ilikuwa na kidonda chake kwa ndani, kimeelekea katikati.

"Gaylen, nani mwingine ameifungua hii?"

"Hakuna. Umeifunga mwenyewe kule juu, ukaifungua mwenyewe hapa. Mimi nimechungulia tu begani kwako jana."

"Risasi haijipindui yenyewe ndani ya tundu."

Gaylen alisema huenda Royce aliipindua kabla, siku za nyuma, wakati anapiga makopo. Lorna alikubali kwamba inawezekana. Akachukua kioo cha kukuzia, akasukuma mbele kile kinyota cha chuma kinachotoa maganda. Kinyota kile hukaa kimefunikwa kabisa bastola ikiwa imefungwa. Chini ya ncha yake moja, mahali ambapo kidole huinulia, palikuwa na doa la kahawia, jembamba, limeburutwa.

Alimpa Gaylen kioo. Gaylen alitazama kwa muda, akarudisha kioo, akaketi.

"Damu," alisema.

"Maabara watasema ni ya nani. Lakini mlio ulikuwa mmoja. Damu imetoka baada ya mlio, na imeingia ndani. Kuna mtu aliifungua Royce akiwa ameshakufa, akaipindua ile bubu, akaifunga."

"Wendell, labda. Kaifungua kuhakikisha ni salama."

"Anayetaka iwe salama anatoa risasi nje. Anayeipindua bubu anataka ilie akiivuta tena."

Gaylen alikiweka cheti ndani ya droo bila kukisaini. Alisema atasubiri, ila si zaidi ya Ijumaa, maana Bi Ardis hawezi kumzika mtoto wake bila neno.

Wendell alikuwa kwenye zizi, ameinamia kwato ya nyumbu mmoja. Alikuwa mtu mkubwa, mpole, wa maneno ya kupimwa, asiyejua kukaa na watu lakini anayejua kukaa na wanyama. Alimsalimia Lorna bila kuinua kichwa. Lorna aliegemea uzio, wakazungumza kuhusu theluji ya mapema, na kuhusu nyumbu yule jike aitwaye Pepsi, aliyeng'ata nusu ya wanaume wa kaunti. Kisha akayarudisha mazungumzo kwenye chemchemi. Wendell alirudia maneno yake yale yale, kwa mpangilio ule ule.

"Bastola uliigusa?"

"Hapana."

"Hata kuisogeza?"

"Sikuigusa, Lorna. Nilijua mtataka ikae ilipo."

"Siku zile kule juu, mliipiga?"

"Royce alipiga kwale mmoja siku ya kwanza. Akaisafisha, akajaza zote sita kutoka kwenye boksi jipya. Mimi sikuishika kabisa safari nzima." Akaiachia kwato, akajinyoosha mgongo. "Utamwambia nini mama?"

Lorna alimwambia bado hajui.

"Mwambie ilikuwa ajali," Wendell alisema. "Haitakugharimu kitu."

Bi Ardis Halvick alikaa nyumba ya chini, ile yenye ukumbi ulioinama. Kila anapofiwa mtu huko, majirani huleta chakula, na jikoni kwake hapakuwa tena na nafasi ya kuweka hata kijiko. Viazi vya kuoka na jibini, tambi na nyama ya kusaga, maharage, keki mbili. Chini ya kila bakuli palikuwa na utepe wenye jina la mwenyewe, ili lirudi kwake. Bi Ardis hakuwa amegusa hata kimoja. Alimtengea Lorna kiti, akaweka kahawa jikoni.

"Gaylen kasaini?"

"Bado, mama."

"Anataka kuandika kajiua." Alilisema bila kutikisika. "Sikiliza, mwanangu. Mimi ndiye niliyemkuta baba yangu ghalani, nikiwa na miaka tisa. Mama yangu akaniambia jambo hili liko kwenye damu yetu, nikizaa niwaangalie. Nimewaangalia. Royce akinyamaza mezani, nilihesabu visu. Wendell akichelewa zizini, nilitoka na taa. Maisha yangu yote nimekuwa mlinzi wa watoto wangu. Sasa nataka kujua kama nililala zamu."

Lorna alisema anafanya anachoweza.

"Usiniletee huruma, nimeletewa mabakuli kumi ya huruma hapo. Niletee jibu. Kama si mkono wake, lingine lolote nitalibeba."

Kahawa ikachemka. Lorna, kwa kuwa ndivyo kazi inavyotaka, akageuza mazungumzo yawe ya kawaida. Aliuliza bastola ilikuwa ya nani hasa, na Bi Ardis akachangamka kidogo, kwa sababu kuzungumza habari za mumewe kulimpa nafuu. Alisimulia jinsi Torvald alivyowafundisha vijana kupiga, nyuma ya nyumba, makopo juu ya ua. Mzee alikuwa mchoyo wa risasi kuliko mchungaji wa mahubiri mafupi. Risasi moja, kopo moja, na risasi bubu haitupwi.

"Royce ndiye aliyemtia wazimu," alisema, akimimina. "Yule hakuwa na subira tangu tumboni. Ikisema tik, anaitoa, anaitupa majanini, anatia nyingine. Baba yake anampiga kofi la kisogo, kesho anatupa tena. Mpaka juzi hivi, nina hakika. Kila nikikata nyasi pale nyuma naokota risasi za Royce."

"Na Wendell?"

"Aa, Wendell ndiye mtoto wa baba yake. Wendell angeipindua hata usingizini. Hata hatazami. Mzungumzie jambo lingine kabisa, ikigoma utaona gumba linafanya kazi lenyewe." Alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu Jumapili. "Torvald alikuwa anawaita wageni waje waone."

Lorna alishika kikombe kwa mikono miwili. Kahawa ilikuwa ya moto sana, akainywa hivyo hivyo. Bi Ardis alimsukumia sukari, akasema amekonda, akasema anafanya kazi kupita kiasi kama mama yake marehemu. Lorna akashukuru, akaosha kikombe chake, akaondoka.

Nje, ndani ya gari, alikaa bila kuwasha injini. Alijua alichopewa na nani kampa. Kitu kilitaka kumuuma akakisubiri, lakini hakikuja, basi akawasha gari.

Asubuhi ya Alhamisi alimwomba Wendell amsaidie kupima sauti. Ni utaratibu wa kawaida: mmoja anapiga juu, mwingine anasikiliza chini, ijulikane mlio unafika wapi. Alisema hana haja ya kupanda hadi Elbow, shimo la changarawe nyuma ya zizi linatosha kwa kuanzia. Naibu Marv Stuckey, mtu mzima aliyekuwa karibu kustaafu, alisimama nyuma yao hatua chache, mkono karibu na mkanda, akitafuna kijiti.

Lorna alitoa bastola ya baba yake mwenyewe. Ilikuwa ya aina ile ile, ya umri ule ule, kasoro vishikio. Kaijaza mwenyewe nyumbani, risasi sita alizoziloweka kwenye mafuta ya taa mpaka zikafa. Hilo hakulisema. Aliweka kopo la mahindi juu ya changarawe, akampa Wendell bastola kama mtu anayempa mwenzake nyundo.

"Hii ni ya mzee Tveit," Wendell alisema, akiipima mkononi.

"Bado inapiga kushoto kidogo."

"Mzee naye alikuwa anapiga kushoto kidogo."

Marv alicheka puani. Lorna akauliza, kwa sauti ya kupitisha wakati, nini kitatokea kwa nyumbu sasa. Wendell alinyoosha mkono, akalenga kopo.

"Wako sawa. Watabaki," alisema, akavuta.

Tik.

"Watu wanasema Royce alitaka kuwauza," Lorna alisema.

"Watu wanasema mengi." Silinda ilikuwa imeshafunguka. Kidole cha kushoto kiliinua kinyota, ukucha wa gumba ukaingia kwenye ukingo wa risasi, ukaizungusha nusu, kidole kikaachia, silinda ikarudi na kufunga. Yote yalikwisha wakati anatamka neno la mwisho, macho yake yakiwa kwenye kopo.  Alitazama chini, akaliangalia gumba lake, na Lorna aliona uso wake ukiacha kazi.

Hakuna aliyesogea. Nyumbu mmoja alikuwa akijikuna kwenye nguzo.

"Nipe, Wendell," Lorna alisema.

Alimpa, kishikio mbele, kama alivyofundishwa.

"Ulifanya hivyo kule juu."

"Ndiyo."

"Baada ya mlio."

"Ndiyo." Alimeza mate. "Nilikuwa nimesimama pale, yeye ameshalala. Mkono ukafungua tu. Nimeshaipindua ndipo nikaona ninachofanya. Nikaona damu mkononi. Nikaifuta, nikaifunga, nikamwekea mkononi mwake. Sikukumbuka kuirudisha ilivyokuwa. Ningekuwa nimekumbuka..."

Lorna alimsomea haki zake, taratibu, yote, kama karatasi inavyosema. Wendell alisikiliza kwa adabu. Alisema ameelewa, na kwamba anataka kusema. Akasema Royce alimwambia asubuhi ile, huku akikoroga kahawa, kwamba mwaka ujao hawatapanda. Nyumbu wameshapata mtu, yeye anahamia bondeni kwa wenye viwanda. Hakugomba. Aliongea kama anayetaja hali ya hewa, kisha akakaa kwenye gogo akavua kiatu kutoa kijiwe.

"Bastola ilikuwa juu ya tandiko," Wendell alisema. "Sikuwa na hasira. Ningekuwa na hasira ningempiga ngumi, tumeshapigana mara mia. Nilisikia baridi tu. Ikasema tik. Akageuza kichwa kidogo, nadhani alidhani nafungua kisu. Nikavuta tena."

"Alisema kitu?"

"Hapana. Alikuwa ameshika kiatu. Nikamvisha baadaye." Wendell alitazama zizi. "Naweza kuwalisha kwanza? Pepsi hali kutoka kwa mtu mwingine."

Marv alimwangalia Lorna. Lorna akakubali, na wote watatu wakaenda. Wendell aligawa majani, akavunja barafu nyembamba kwenye hodhi, akampapasa yule jike shingoni, akaja mwenyewe kwenye gari akiwa ameshaunganisha mikono.

Gaylen alipopigiwa simu alikitoa cheti drooni. Halafu akasema ataandika neno linalostahili. Akauliza nani atamwambia Bi Ardis, akiomba wazi asiwe yeye. Lorna alisema yuko njiani tayari.

Bi Ardis alikuwa ameweka suti ya Royce kwenye kiti, na pasi bado ilikuwa ya moto. Alimtazama Lorna usoni, akaichomoa pasi ukutani.

"Sema."

"Haukuwa mkono wake, mama. Royce hakujiua."

Bi Ardis alifumba macho. Akashika ukingo wa meza, akakaa hivyo, akipumua. Alipofumbua alikuwa amelegea mabega, mwanamke aliyetua mzigo wa miaka sabini na zaidi. Lorna alimpa muda ule wote aliotaka kuwa nao, maana alijua ni mfupi.

"Sikulala zamu, basi," Bi Ardis alisema.

"Hukulala."

"Mnajuaje?"

Lorna alimweleza kuhusu risasi bubu, na kuhusu upande wa kile kidonda. Alieleza taratibu, alipofika kwenye kupindua akasita. Hakuhitaji kuendelea. Bi Ardis alikuwa ameshageuka kutazama dirisha la nyuma, lile la ua ambako makopo yaliwekwa zamani.

Kahawa haikuwa jikoni, lakini mkono wa mama yule ulienda kwenye birika, ukaligusa, ukarudi.

"Mimi ndiye niliyekuambia," alisema.

"Ndiyo, mama."

"Hapa hapa. Nikikumiminia."

"Ndiyo."

"Nikacheka."

 Saa ya ukutani iliendelea, gari likapita barabarani, likapunguza mwendo kama majirani wanavyofanya mbele ya nyumba ya msiba, likaenda zake. Bi Ardis aliikunja suruali ya suti vizuri kufuata mstari wa pasi, akaiweka juu ya koti. Hakulia. Lorna angetaka alie, ingekuwa rahisi kwa wote wawili.

"Nilisema lingine lolote nitalibeba," Bi Ardis alisema.

"Ulisema."

"Yuko wapi?"

"Kituoni, na Marv."

"Amekula?"

"Aliwalisha nyumbu. Yeye bado."

Bi Ardis alisimama. Alipita mbele ya yale mabakuli, akayafunua moja moja, akanusa la viazi, akalichukua. Alilifunika kwa karatasi ya bati, akabana kingo zote kwa vidole vyake vyembamba, akatafuta taulo la kulizungushia ili lisipoe njiani. Ni chakula kilicholetwa kwa ajili ya Royce. Akampa Lorna mikononi.

"Ni la Mildred Haugen, jina liko chini," alisema. "Mwambie Wendell bakuli lirudi."